Anzia Ukutani

Mwalimu alikuwa na neno moja kwa kila kitu kilichokataa kufanya kazi: anzia ukutani. Redio ikinyamaza, anzia ukutani. Kompyuta ikiwaka halafu kioo kikabaki cheusi, anzia ukutani. Angalia kama swichi imewashwa, kama plagi imeshika, ndipo uufuate waya polepole mpaka ufike kwenye chombo chenyewe. "Watu wanakimbilia kufungua skrubu," alikuwa akisema, "wakati umeme wenyewe haujatoka ukutani."

Leo Mwalimu haoni. Anakaa kwenye kiti chake pale Mandewa, mtaa wa Singida mjini, uso ameuelekeza dirishani kwa mazoea tu, na mimi ninayeandika haya nina sehemu yangu katika giza lake. Naandika wakati bado yupo, maana nikingoja asiwepo nitaishia kumsifu, na kumsifu mtu uliyemkosea ni njia nyingine ya kukimbia.

Alinifundisha darasa la tatu kijijini kwetu, upande wa Ikungi. Ni mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka kama amefungiwa rula. Hakuwahi kupaza sauti. Akikasirika alishusha sauti, na darasa zima tuliinama mbele kusikiliza tunavyoadhibiwa. Hasira ikizidi, alihesabu kwa Kinyaturu, taratibu, na hakuna aliyetaka kujua angefanya nini akimaliza kuhesabu.

Mimi nilikuwa kiranja wake, na ukiranja wenyewe niliupata hivi. Siku moja aliandika hesabu ya kutoa ubaoni, akasahau kukopa, jibu likatoka si lenyewe. Wote tuliona. Tulitazamana, kila mmoja akiogopa, maana kwetu mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea. Anaangalia chini tu. Sijui nilipata wapi moyo. Nilinyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, hapo umekosea." Yeye aliutazama ubao muda mrefu, akafuta kwa kiganja cha kushoto kama kawaida yake, akaniletea chaki mpaka mahali nilipokaa. "Sahihisha." Nikasahihisha. Kesho yake mbele ya mstari akatangaza kwamba kiranja wa darasa la tatu amepatikana. Alisema, "Nataka mtu atakayeniambia."

Tangu siku hiyo sikuwahi kuwa na jina jingine kwake. Nilipomaliza sekondari aliniita Kiranja. Nilipokuwa karani wa stesheni Itigi, nikipita likizo kumsalimia na chupa ya asali, aliniita Kiranja. Nilipostaafu na kujenga Mandewa, nikakuta nyumba yake iko nyuma ya yangu, nilisimama mlangoni na mvi zangu, nikasema shikamoo Mwalimu, naye akajibu, "Marahaba Kiranja. Umechelewa."

Kompyuta aliipata uzeeni. Shule moja ya mjini ilikuwa inaondoa za zamani, naye akachukua moja yenye monita ya chogo, nzito kama mtoto aliyelala. Akaiweka sebuleni juu ya meza, akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe. Ilikuwa kazi yake na fahari yake. Alichapa mitihani ya majaribio ya shule za jirani, barua za watu wasiojua pa kuanzia, na zaidi ya yote matangazo ya misiba. Mtaani kwetu mtu akifa, kabla turubai halijafungwa, kuna mtu ameshatumwa kwa Mwalimu. Yeye alimwuliza mfiwa majina ya watoto wa marehemu kwa mpangilio, na akiona mmoja ameachwa kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, aliweka mikono mapajani, hachapi. "Marehemu alimzaa au hakumzaa?" Jina lilitajwa, naye akaendelea.

Mimi nilikuwa msaidizi wake wa kompyuta. Si kwamba nilijua sana. Nilijua kuinama chini ya meza, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yamelikataa. Yeye alikaa kwenye kiti akielekeza, mimi nikiwa sakafuni natoa taarifa.

Nakumbuka asubuhi ambayo kioo kilikataa kabisa kuonyesha picha. Aliniita kwa kugonga bati la jikoni kwake, ndiyo simu yetu.

"Swichi?"

"Imewashwa, Mwalimu."

"Taa ya monita?"

"Inawaka."

"Sikukuuliza kama inawaka. Nimekuuliza rangi."

"Ya chungwa. Inakonyeza."

"Basi monita haijafa, Kiranja. Inangoja. Ikikonyeza chungwa maana yake ina umeme ila haipati habari kutoka kwenye kompyuta. Fuata waya wa picha."

Nikaufuata ule waya wenye kichwa cha buluu mpaka nyuma ya chogo, na pale nikakutana uso kwa uso na kuku. Chogo lile lilitoa joto zuri, naye alikuwa ameona ni mahali pa kutagia. Katika kujitengenezea kiota alikuwa ameung'oa waya nusu. Nilimtoa akipiga kelele, nikakaza skrubu za pembeni, taa ikageuka kijani, na picha ikaja. Mwalimu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa khanga. Yai aligoma kulila. Alisema nilipeleke kwangu, ndiyo ujira wa fundi.

Neno lake la ukutani alilitumia kwa watu pia. Katika darasa letu kulikuwa na msichana ambaye walimu wengine walishamwita mzito wa kichwa. Mwalimu hakumchapa. Alimwuliza kama amekula, akamwuliza analala wapi, halafu akamsogeza benchi kwa benchi mpaka mbele kabisa, na huko msichana akaanza kusoma ubao kama maji. "Kabla hujampiga mtoto," aliwaambia wenzake, "hakikisha anauona ubao." Nilikuwepo nikisikia. Sina kisingizio cha kwamba sikufundishwa.

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa na subira na vyombo kuliko binadamu. Monita angeihoji nusu siku, ila mtu akijieleza kwa kuzunguka alimkatiza: "Rudi ulikotoka, uje na sentensi moja." Alimpeleka hospitali kila mwenye kikohozi katika mtaa, akaongozana naye na kumshikia foleni, lakini yeye mwenyewe hakwenda. "Mafua yangu yananijua," alisema. Miwani aliiona kama kujitangaza uzee. Na huyu aliyetuchapa tulipodanganya, kwenye karata alikuwa mwizi wa wazi. Jioni tulicheza barazani kwake, naye alificha karata chini ya sahani ya karanga. Nilimwona kila mara na kila mara nilinyamaza, nikashindwa kwa adabu. Siku moja, baada ya kunifunga, aliinua sahani mwenyewe akanionyesha.

"Uliniona?"

"Nilikuona, Mwalimu."

"Mimi nimeiba. Wewe umeona, ukakaa kimya. Nani mbaya hapo?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa karata.

Kisha kioo kikaanza kufifia.

Alianza kwa kusema picha haina nguvu kama zamani. Niliinama, nikaanzia ukutani, kila kitu kilikuwa sawa. Nilipokaa mbele ya kioo niliyaona maandishi vizuri, meusi juu ya weupe, mpaka herufi ndogo za chini. Nilibonyeza vitufe vya mwanga, nikaongeza kidogo. "Sasa?" "Sasa afadhali." Baada ya muda bati likagongwa tena. Nikaongeza tena. Safari nyingine akasema kioo kinaliwa pembeni, kama panya anayekula karatasi kuanzia kwenye kingo. Niliangalia. Picha ilikuwa imejaa kona hadi kona.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyoosha mkono.

Badala yake nilisema, "Kweli, Mwalimu. Kinafifia."

Ilinitoka kirahisi. Sisi tumelelewa hivyo. Mkubwa akisema chai haina sukari, unaionja, unasema haina, unamwongezea. Utamwambiaje mwalimu wako kwamba kitu asichokiona kipo?

Nilimpelekea fundi mmoja mjini ile monita, nimeipakata kwenye bodaboda kama mgonjwa. Kijana aliiwasha, akaigeuza, akaiwasha tena.

"Mzee, hii monita mbona iko poa? Ni kizee lakini kinaonyesha fresh."

"Mwenyewe anasema haoni."

"Basi mlete mwenyewe, mzee. Labda yeye ndiye wa kutengenezwa."

Wenzake wakacheka. Nilimfokea. Nilimwambia hana adabu, kwamba anayemtania amefundisha baba zao. Akaomba msamaha, akafuta vumbi kwa brashi, akanirudishia. Njiani upepo wa Singida ulinipiga vumbi usoni, na maneno ya yule kijana yalikuwa yamekaa kichwani yakiwa yamenyooka kabisa. Nilifika, nikaipachika monita.

"Fundi anasemaje?"

"Ilikuwa vumbi, Mwalimu. Amesafisha."

Alikaa, akasogeza uso karibu na kioo kuliko zamani. "Vumbi," alisema.

Dalili nyingine zilikuwepo. Alianza kuangusha vikombe vilivyowekwa ubavuni mwake. Majirani walinung'unika kisimani: Mwalimu siku hizi anaringa, unamsalimia kutoka pembeni anapita kama hajaona mtu. Yeye, ambaye mtoto akisahau shikamoo alimrudisha mpaka kwenye kona ya nyumba aje upya! Niliwajibu kwamba ana mawazo. Nilimtetea kwa uongo, nikajiona rafiki mwema.

Halafu siku moja aliamua kulimaliza jambo hili kwa njia yake. Kanuni yake ya mwisho, baada ya ukuta na waya na vitufe, ilikuwa hii: azima kioo kizima, ukijaribu. Kikionyesha vizuri, kile cha kwako kina ugonjwa. Nacho kikionyesha vibaya, ugonjwa hauko kwenye kioo. Akanituma nikaazime. Nilileta kioo bapa, kipya, cha mwanangu anayefanya kazi mjini. Nikakipachika, kikawaka kama mchana. Nilifumba macho kidogo kwa ukali wake.

Mwalimu alikitazama. Akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Hiki nacho kina ukungu," alisema. Nilijua anachopanga kichwani. Aliweka mikono mapajani, kama alivyofanya jina la mtoto wa marehemu lilipofichwa. "Kiranja. Vioo viwili..."

Hakumaliza. Alikuwa ameufuata waya kutoka ukutani mpaka mwisho wake, na mwisho ulikuwa usoni pake. Aliogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa, na sikuweza kuvumilia kuiona ile sura.

"Ni umeme, Mwalimu," nikasema haraka. "Siku hizi mtaa mzima unakuja mdogo. Hata kwangu taa zimepungua."

Kwangu taa hazikuwa zimepungua.

Alinigeukia, akanitafuta kidogo kwa macho kabla hayajanipata. "Unakiona na wewe? Ukungu?"

"Nauona."

"Haya," alisema, na mabega yakashuka. "Wewe ndiye kiranja."

Nimejaribu kuliita jambo hili heshima. Sehemu yake ni heshima, sitakataa. Lakini nilikuwa nimefiwa na mke, nyumba yangu ilikuwa kimya tangu asubuhi, na sauti ya lile bati ndiyo pekee iliyoniita mahali. Kila kioo kilipofifia nilipata chai, karanga, na mtu wa kuniambia nimechelewa. Kama ningesema kioo ni kizima, bati lisingegongwa tena. Hilo nalijua sasa. Nadhani hata siku ile nililijua, nikaliweka chini ya sahani.

Mjukuu wake anayesomea uuguzi Dodoma alipokuja likizo, hakuchukua hata siku mbili kugundua. Alimpa bibi yake chai kutoka upande, mkono wa Mwalimu ukapita hewani. Binti akaweka kikombe chini, akainua vidole pembeni ya uso wa bibi yake.

"Bibi, naonyesha vidole vingapi?"

"Unaonyesha wapi?" Mwalimu aliuliza.

Kesho yake walikuwa hospitali. Wakaambiwa ni presha ya macho. Ni ugonjwa usiouma, unaokula kuanzia kingo, na ulichokwisha kukila haukirudishi. Dawa ya matone huzuia usiendelee, ukiwahiwa. Haukuwa umewahiwa. Walimpa dawa hata hivyo, akazitumia kwa nidhamu yake yote, lakini jicho moja likaenda na la pili likafuata. Sasa anatofautisha mchana na usiku, basi.

Yule binti alikuja kwangu kabla hajarudi chuoni. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Shikamoo Babu. Bibi anasema ni wewe uliyekuwa unamrekebishia kompyuta. Wewe ulikuwa unakionaje kile kioo?"

"Tulidhani ni umeme, mama."

"Samahani Babu. Sijauliza mlidhani nini."

Niliangalia chini. Alisubiri, kisha akaniaga kwa adabu zote, akaondoka.

Baada ya hapo nilibadili njia. Nilizungukia nyuma, kwenye mawe makubwa, nikitoka na nikirudi, ili nisipite mbele ya baraza lake. Mwalimu alikuwa akiwapita watu bila kuwasalimia kwa sababu ya macho. Mimi nilimpita bila kumsalimia nikiwa na macho mazima. Niliishi hivyo msimu mzima wa alizeti, mpaka zikavunwa.

Kisha asubuhi moja bati likagongwa.

Nilisimama uani nikisikiliza. Likagongwa tena, bila haraka. Nilivaa shati safi, kana kwamba angeliona, nikaenda.

Alikuwa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka. Meza ilikuwa pale pale na kompyuta juu yake, kitambaa kimefuliwa na kunyooshwa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba Kiranja. Umechelewa." Alinyoosha mkono kuelekea mezani, akakosea kidogo, akausahihisha kwa kupapasa. "Washa."

"Mwalimu..."

"Anzia ukutani. Niambie kila hatua, kwa sauti."

Niliinama. Magoti yangu nayo sasa yanakataa, lakini niliinama.

"Plagi imeshika, Mwalimu. Swichi imewashwa."

"Waya."

"Skrubu zote mbili zimekaza."

"Kuku?"

"Hayupo." Hakucheka, nami sikucheka.

"Taa?"

"Chungwa. Subiri. Sasa kijani."

"Picha?"

Lile chogo la zamani lilitoa mlio wake mwembamba, likapata moto polepole, na picha ikaja.

"Imekuja."

"Imejaa? Mpaka pembeni?"

"Imejaa mpaka pembeni."

"Ina ukungu?"

"Haina, Mwalimu. Maandishi yanaonekana yote."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea jibu la hesabu. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Na siku ile ulipoleta kile kioo cha mwanao?"

Nilikuwa bado nimepiga magoti karibu na meza. Niliona vumbi kwenye waya, nikatamani kulifuta. Niliacha.

"Kilikuwa kizuri, Mwalimu. Hakikuwa na ukungu wowote. Nilikiona chote. Na fundi aliniambia hii monita ni nzima, nami nikakuletea habari ya vumbi. Umeme haukuwa mdogo."

Nje mtu alipita akiswaga mbuzi. Mwalimu alisikiliza mpaka kwato zikaisha. Midomo yake ilianza kusogea, na nikatambua anahesabu, kwa Kinyaturu, kama zamani. Nilingoja afike mwisho. Sijui alikuwa amekusudia kufika ngapi. Aliishia katikati.

"Nilikuchagua kwa sababu moja tu," alisema, kwa ile sauti ya chini.

"Najua, Mwalimu."

"Hujui. Ungejua ungeniambia." Akavuta pumzi. "Nami nilikuwa na kanuni yangu mkononi, nikaiacha kwa sababu jibu lako lilikuwa tamu. Hiyo ni yangu, usiichukue. Lakini yako ni yako."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme, maana nilijua angesema ukweli, na sikuwa tayari kuusikia.

"Kaa kwenye kiti," alisema. "Yule jirani wa kona amefiwa na mama yake. Watu wanakuja mchana kuchukua tangazo. Mimi nasema, wewe unachapa. Ukimaliza unanisomea. Ukikosea unasema umekosea."

Nilichapa kwa vidole viwili. Nilikosea mara nyingi, na kila mara nilisema. Yeye aliorodhesha watoto wa marehemu kwa kumbukumbu, wa kwanza mpaka wa mwisho, pamoja na yule asiyeelewana na ndugu zake. Nilipomsomea yote, aliniagiza nirudie mstari mmoja, kisha akaridhika.

"Zima sasa. Anzia kwenye kompyuta, malizia ukutani."

Nikazima. Kioo kikabaki na ile nukta ndogo nyeupe ya katikati, halafu nayo ikaondoka. Nilikuwa nimeshaanza kukunjua mikono ya shati, nafikiria namna ya kuaga.

"Umezima ukutani?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nilikuwa na uhakika karibu wote. Nikainama tena chini ya meza, nikaishika swichi kwa kidole, nikaitazama vizuri, ndipo nikamjibu.